Msimsifu Fundi, Mlipeni

Msinitumie tena ile video. Mnaijua. Kijana amechuchumaa mbele ya Probox iliyokufa, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, anafunga paipu ya radieta kwa ukanda wa tyubu. Gari linawaka. Watu wanapiga makofi. Chini yake mtu ameandika kwamba Mkenya hashindwi na kitu, akaweka bendera na vimoto vitatu.

Nasema hivi nikijua ninachosema, kwa sababu moja ya hizo video niliichukua mimi.

Tulitoka Lodwar saa saba mchana kwenda Kakuma. Ni kilomita 120 hivi, safari ya saa mbili kama Mungu yuko upande wako. Probox ilitengenezwa ibebe watu watano. Tulikuwa tisa, mmoja wetu mtoto mgonjwa mapajani mwa mamake, na juu kulikuwa na gunia la samaki mkavu kutoka Kalokol. Jua la Lodwar mnalijua au mmelisikia: mchana wa kawaida hupita nyuzi 35, na siku hiyo haikuwa ya kawaida.

Kilomita kama 50 nje ya mji, mshale wa joto ulianza kupanda. Dere akawasha hita. Ndiyo, hita, Turkana, saa nane mchana. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, kumbe ni mbinu ya kweli: hita huchota joto la injini na kulimwaga ndani, kwa abiria. Kwa hiyo kwa dakika kumi sisi tisa tulikuwa sehemu ya radieta. Hata hivyo haikutosha. Tulisikia kitu kimepasuka, mvuke ukafunika kioo cha mbele, na gari likaenda kusimama kando ya barabara lenyewe, bila haraka.

Dere hakukimbilia kufungua mfuniko. Anayefungua radieta ikiwa moto hupoteza uso. Alikaa chini ya mti wa miiba nusu saa, kisha akatoa tyubu kuukuu chini ya kiti, akakata ukanda mrefu, akauzungusha kwenye paipu iliyopasuka akiuvuta kwa meno, akafunga kwa waya. Akagundua pia kwamba feni haizunguki. Akaunganisha waya wa feni moja kwa moja kwenye betri. Feni ikalia, ikazunguka. Hapo ndipo nilipotoa simu.

Kilichobaki kilikuwa maji. Kila mtu alitoa chupa yake na hazikutosha. Yule mama alikuwa na mtungi wa lita tano. Dere hakuomba. Aliutazama tu, akatazama pembeni.

"Chukua, dere," mama akasema.

"Mama, nikichukua hii, mtoto atakunywa nini?"

"Tukilala hapa atakunywa nini?"

Sehemu hiyo haimo kwenye video. Niliikata kwa sababu ilikuwa inaharibu hadithi.

Tulifika Kakuma saa mbili usiku, baada ya kusimama kila baada ya kilomita kumi ili injini ipoe. Safari ya saa mbili ilikuwa imekula saa saba. Mama alipanda boda, mtoto mgongoni, kuelekea hospitalini. Mimi nilitafuta mtandao. Nikaweka video. Kufikia asubuhi watu walikuwa wameitazama mara 40,000.

Asubuhi hiyo nilimsindikiza dere kwa fundi wake, Mkongomani mwenye kibanda cha mabati kule kambini. Nilikwenda kutafuta video ya pili, niseme ukweli. Fundi alifungua mfuniko wa oili, akaingiza kidole, akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia kwenye oili, na maana ya hilo ni kwamba gasketi ya hedi imeungua.

"Hii motokari haikuharibika jana, kaka," akaniambia. "Iliharibika zamani."

Akaanza kutuhesabia. Radieta ilikuwa imeziba kwa utando mweupe, kama ule wa ndani ya birika, kwa sababu kwa miaka imejazwa maji ya visima vya huku, na mengi yana chumvi. Dawa ya radieta haikuwahi kuwekwa, maana pesa ya dawa ni pesa ya mafuta. Thamostati ilikuwa imeng'olewa kitambo, na fundi fulani aliyefikiri anasaidia. Kisha akafika kwenye fyuzi ya feni. Ilikuwa imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kama hujui gari, nikueleze, kwa sababu hoja yangu yote iko hapo. Kazi ya fyuzi ni kufa ili waya usife. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika, unajua kuna shida, unaitafuta. Siku moja fyuzi ya feni ilikatika, nyingine haikuwepo, na mtu mwerevu akaizungushia karatasi ya sigara. Feni ikazunguka. Nina hakika alisifiwa. Lakini tangu siku hiyo hakukuwa tena na kitu cha kukatika, kwa hiyo mwishowe waya wenyewe uliyeyuka, feni ikasimama, joto likapanda, shinikizo likapasua paipu, injini ikaenda moto mpaka gasketi ikaungua. Karatasi ya sigara ndiyo iliyokunywa maji ya yule mtoto.

Yaani kile tunachokiita ubunifu mara nyingi ni mkopo. Mtu anakopa leo kutoka kwa gari la kesho. Na siku ya kulipa, anayelipa ni yeyote aliyekaa ndani.

Fundi hakuwa mjinga wa hayo. Alijua kazi inavyotakiwa kwenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akiongea juu ya magari. Hedi ikitolewa lazima ipimwe kama imepinda, na ikipinda isawazishwe kwa mashine. Hakuwa na mashine, kwa hiyo alitandika msasa juu ya kipande cha kioo na kuisugua hedi kwa mkono, taratibu, siku nzima. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa mpangilio na kwa nguvu iliyopimwa. Iko spana maalumu ya kupima nguvu hiyo. Nilimuuliza yake iko wapi. Akanyoosha mkono wa kulia.

Gasketi yenyewe ilibidi itoke Eldoret. Na hapa ndipo mambo yanakuwa machafu kuliko oili ile. Fundi huyu ni mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi, lakini kutoka nje ya eneo alilopangiwa bado anahitaji kibali. Hawezi kupanda basi asubuhi, akafika dukani, akaishika gasketi kwa mkono wake, akailinganisha na ile ya zamani na kurudi. Anampigia mtu simu, ambaye anampigia mtu. Siku ya tatu ikaja gasketi ya injini nyingine kabisa. Siku ya tano ikaja yenyewe, kwa bei mara mbili. Tofauti hiyo ya bei haikuingia mfukoni mwake, lakini dere alimlaumu yeye.

Kazi yote, kufungua, kusugua, kufunga, kusafisha radieta, kuweka waya mpya na fyuzi mpya, aliomba shilingi 3,000. Dere akasema 1,500. Na mimi, niliyekuwa nimekaa pale siku tano nikinywa chai yake, nikasema, "Fundi, tusaidie bana." Wakakubaliana 1,800.

Wiki iliyofuata nilipata shilingi 4,000 kwa picha na maneno machache kuhusu "maajabu ya mafundi wa Kakuma". Fanya hesabu. Kumsifu fundi kulilipa zaidi ya mara mbili ya kuwa fundi.

Tangu hapo sifa zikitajwa naona haya. Lakini haya yangu si habari. Habari ni kwamba hii ni tabia ya nchi nzima.

Angalieni tunavyotazama mbio za magari. Juni 2021 Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kutoka 2002, na serikali ikaweka fedha za umma kuirudisha. Jumapili ya mwisho, Thierry Neuville alikuwa anaongoza. Shokabzoba ya nyuma ikavunjika, akatoka, na Sébastien Ogier akashinda. Kifaa kimoja kilivunjika Naivasha, na watu wa Ulaya na Asia wakakijua kwa jina. Wachambuzi walikaa studio wakaeleza vumbi, mawe na mashimo. Hakuna aliyemcheka Neuville kwa kuendesha gari bovu. Hakuna aliyesema mafundi wake ni wa vichochoroni. Wale wana sare, wana hema la kazi, wana spea zimepangwa kwa namba, na wana mshahara hata gari likishindwa.

Na njia za mashindano zenyewe? Siku hizi ni kati ya kilomita 300 na 400, kwa siku chache, na kila jioni gari linarudi kwa mafundi wake. Kuna dere wa Lodwar anayemaliza hizo kabla ya Jumatano, akiwa na abiria.

Sisemi Safari ni ya wageni. Ingekuwa hivyo singejali. Ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, sawa, lakini ilikimbiwa kwenye barabara za watu, karibu kilomita 5,000 ndani ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Na 1965 ilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza maisha kama makanika, akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo iliyokuwa imeshakimbizwa na watu wengine. Soma hiyo tena polepole. Gari la mkono wa pili, makanika kwenye usukani, na barabara mbaya. Kama hiyo si Lodwar, ni nini? Tunamkumbuka Joginder kwa jina la simba. Lakini makanika wa leo mwenye gari la mkono wa pili na barabara mbaya tunamwita "fundi wa mtaani", na tunampunguzia 1,200.

Kule Marekani kuna kitu kinaitwa 24 Hours of Lemons, kilichoanza 2006. Sheria yake tamu: nunua gari lisilozidi dola 500, vifaa vya usalama havihesabiwi, kisha likimbizeni na marafiki zako kwa masaa mengi mpaka lifike au life. Watu wanavaa mavazi ya kuchekesha. Injini ikifa usiku, marafiki wanaingia chini ya gari na tochi mdomoni, wanang'oa, wanabadilisha, wanacheka, na kupacha kibaya kabisa kinaweza kupata zawadi. Nimetazama video zao mpaka alfajiri na ninawapenda, sitaki uongo. Wanaheshimu kitu ninachokiheshimu.

Lakini Jumatatu wale watu wanarudi kazini kwa gari jingine, zima. Kushindwa kwao kumewekewa uzio. Wanalipa ada ili kwa siku mbili waishi namna dere wa Lodwar anavyoishi mwaka mzima bila kuulizwa. Kwa yule Mmarekani gari bovu ni mchezo, kwa hiyo sifa inamtosha. Kwa dere na fundi wetu gari bovu ni kazi, na kazi hailipwi kwa makofi.

Najua mtakachonijibu. Nimeshajibiwa.

Mtasema barabara imejengwa. Kweli, sehemu kubwa ya njia ya kutoka Lokichar kupitia Lodwar na Kakuma kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imewekwa lami mpya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na asante. Waliosafiri zamani wakiruka mashimo siku mbili wanajua tofauti. Lakini lami haijabadilisha springi hata moja. Gari lilelile, breki zilezile, bushi zilezile zilizokwisha, ambalo zamani shimo lililazimisha kwenda polepole, sasa linakwenda 110. Mvua ikinyesha milimani, laga bado zinashuka, Kawalase pale Lodwar na Tarach kule Kakuma, na gari likikufia mahali pabaya lami haitakubeba. Barabara nzuri inahitaji fundi bora zaidi.

Mtasema bila ubunifu huo tungekufa njiani. Ni kweli pia. Ukiwa kilomita 50 kutoka mjini, tyubu na waya ni sawa kabisa, na dere wetu alifanya sahihi. Shida yangu ni kesho yake asubuhi, pale tyubu inapoachwa palepale mwaka mzima kwa sababu gari linatembea, na sisi tumeshapiga makofi. Kila tunapomsifu mtu kwa kutengeneza bila spea, tunamsamehe mtu mwingine aliyepaswa kuhakikisha spea zipo. Sifa yetu ni ile karatasi ya sigara. Inazuia kitu kukatika, na kisipokatika hakuna anayetafuta shida iko wapi.

Mtasema basi wasome, wapate vyeti. Haya, tuongee vyeti. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hiyo hadithi ya kukosa karatasi naijua kwa ndani. Tofauti ni kwamba nikikosea sentensi hakuna anayebaki na kiu porini. NITA ina mitihani ya ufundi, ya vitendo, kwa gredi. KNQA ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Don Bosco wamefundisha ufundi Kakuma kwa miaka mingi. Kwa hiyo milango ipo. Swali ni nani anapita. Mtu anayelipwa 1,800 kwa siku tano atafunga kibanda siku ngapi kwenda kufanya mtihani, kwa ada gani, na kama ni mkimbizi kwa kibali cha nani? Mleteeni mtihani kibandani. Mpeni hedi iliyopinda, msasa na kioo, mwangalieni. Kisha mwandikieni alichokifanya, kwa sababu bila karatasi hiyo magari meupe ya mashirika yanayopita mbele ya kibanda chake kila siku hayatasimama kwake hata yakikohoa.

Kuna waandishi wa kigeni wanaopenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwepo. Sisi ndio wenye Kiswahili, na neno hilo hatulijui. Tunacheka, lakini na sisi tunaandika uongo wa aina hiyohiyo. Tukisema fundi wa Kakuma ni miujiza, tunasema kule hakuna sababu na matokeo, hakuna bei, hakuna zana zinazokosekana, kuna kipaji tu kinachoota mchangani. Muujiza haudai mshahara. Muujiza hauhitaji spana ya kupimia bolti. Ndiyo maana neno hilo ni rahisi hivyo kutoka midomoni mwetu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka. Nataka fundi mkimbizi aweze kwenda Eldoret kununua gasketi na kurudi, kama mtu mwingine yeyote mwenye duka. Nataka kaunti inayoweza kufadhili tamasha iweze kuweka Lodwar mashine moja ya kusawazisha hedi, na seti za zana zinazokodishwa kwa bei ya watu. Nataka wenye magari, wale wanaokaa mjini na kuhesabu pesa ya jioni kwa simu, walipe matengenezo kabla ya dere kugeuza abiria kuwa radieta. Na nataka sisi, watu wa simu, tufunge midomo kidogo.

Nilimtumia fundi shilingi 1,200 nilizosaidia kumnyima. Alinipigia kuuliza ni za kazi gani. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema afadhali ningesema siku ile, mbele ya dere, kwa sababu sasa dere anajua kazi ya hedi ni 1,800, na amewaambia wenzake.

Hivyo ndivyo bei inavyoshuka, na nilikuwepo nikiisukuma. Ukikwama siku moja kati ya Lodwar na Kakuma, na mtu akaingia chini ya gari kukutoa, weka simu mfukoni, umshikie tochi. Akimaliza muulize bei. Akikutajia, lipa hiyo.